Makala ya Kasulo: yenye inasema na yenye tunaisemesha

Kuko makala moja ya sayansi yenye sisi bana Unilu tunaitaja kila siku, na bachache kati yetu njo balishaisoma mupaka mwisho. Ilitoka mwezi wa tisa 2018 mu jarida Nature Sustainability. Mwandishi wa kwanza ni profesa wa hapa kwetu, Célestin Banza Lubaba Nkulu, wa École de Santé Publique ya Unilu. Wa mwisho ni Benoit Nemery wa Leuven, ku Ubelgiji. Katikati yao kuko majina mengine yenye munayajua mu amphi, kama Oscar Luboya Numbi. Inaongea juu ya Kasulo, kartie ya Kolwezi, na juu ya kobalti yenye iko mu miili ya batu benye banaishi pale.

Mu groupe za WhatsApp za ba finaliste, makala ile yote imebakia mustari mumoja: "Batafiti ba Unilu na Leuven balishahakikisha, kobalti inaleta kansere." Mustari ule unapita mu TFC, unapita mu mémoire, unatoka ku redio, kisha unarudi mu groupe. Kansere, yenye bitabu binaita saratani, ni neno lenye kuogopesha batu mbio, kwa hiyo linapendwa. Lakini ndugu, fungua muhtasari wa ile makala, usome polepole. Neno kansere haliko.

Siandike hii juu ya kutetea ba kampuni, musinielewe mubaya. Naandika juu siku avoka wa kampuni atasimama mbele ya tribunal na kuuliza, "Ni wapi makala inasema kansere?", tutanyamaza, na kupitia lile neno moja ataangusha hata ile yenye ni kweli. Na ile yenye ni kweli ni nzito kabisa.

Tuanze na kazi yenyewe. Mwaka 2014, mu lupango moja ya Kasulo, mutu alichimba akakuta heterojeniti, lile jiwe jeusi lenye kobalti. Kisha pale munajua: ba creuseur bakaingia, mashimo yakafunguka lupango kwa lupango, mengine ndani ya nyumba, mama anapika huku magunia yanapanda nyuma ya jiko. Batafiti balichukua damu na mukojo wa batu 72 ba Kasulo, 32 kati yao batoto, bakalinganisha na batu ba kartie ya jirani yenye haikuchimbwa. Batoto ba Kasulo balikuwa na kobalti mu mukojo karibu mara 10 kupita batoto benzao. Na mu bale batoto, bakakuta alama ya ADN yenye kuumizwa, na ile alama inaendana na kobalti yenye iko mu mwili.

Nguvu ya makala iko mu ile kartie ya jirani. Kikundi hiki kilishapima batu ba Katanga mbele, mu makala ya 2009, na kikaandika kwamba kobalti yenye balikuta mu mukojo ilikuwa ya juu kupita yote yenye ilishaandikwa mu dunia kwa batu ba kawaida, benye habafanyi kazi mu usine. Lakini mutu angeweza kubishana: ile ni moshi ya zamani, ni mambo ya usine za Union Minière na Gécamines. Kasulo inafunga ule mulango. Kartie mbili za muji mumoja, maji karibu moja, hewa karibu moja, na kintu chenye kinazitenganisha ni mashimo. Kwa mutu mwenye anajifunza kupanga utafiti, ukurasa ule wa mbinu ni somo zima, tena bila pesa mingi.

Sasa upande wenye haunipendeze. Alama yenye balipima inaitwa 8-OHdG. Musiogope jina. ADN yetu imeandikwa kwa herufi ine: A, T, G na C. Ndani ya seli kunapitaka oksijeni kali, yenye kushikashika kila kintu, na kati ya zile herufi ine, G njo yenye kuumwa rahisi. Kobalti inaongeza ile oksijeni kali. Seli iko na mafundi wake: wanakata G yenye imeumwa, wanaweka nyingine, ile mbaya inatupwa mu damu, na figo inaitoa mu mukojo. Kwa hiyo kintu chenye balipima ku Kasulo ni takataka ya matengenezo. Ukipita inje ya nyumba ya mutu, ukakuta mifuko ya simenti na matofali ya kuvunjika, utajua kwamba mule ndani ukuta uliumia na maçon iko kazini. Haujui kama ukuta umetengenezwa muzuri. Haujui hata kama takataka ni mingi juu ukuta unaumia sana, ao juu maçon ni muhodari.

Hiyo njo ingekuwa swali langu la kwanza kama ningekuwa mu jury. La pili: 8-OHdG inapanda na tumbako, inapanda na maambukizo, na vumbi ya Katanga haiko na kobalti peke yake, madini yetu yanakujaka pamoja. Na batu 72 ni bachache. Makala ni picha ya siku moja, haimufuate mutoto. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta, batu bakahamishwa. Mutoto mwenye alitoa mukojo wake akiwa mu primaire leo ni kijana, pengine iko Likasi, pengine hapa Lubumbashi mu auditoire moja na wewe mwenye unasoma.

Kwa hiyo swali la kweli ni hili: kutoka G yenye kuumwa mupaka uvimbe, kuko safari gani? Hapa bale benye kutaja makala banasimama mapema sana, na ni hasara, juu hapa njo bintu binaanza kuwa bitamu.

Fundi akichelewa, na seli ikajigawanya mbele ya matengenezo, mashine ya kunakili inakuta ile G mubaya na kuisoma kama T. Wakati kunakili kunarudiliwa, mahali pa G panabakia T. Kosa la aina hii ni kama mwandiko: ukiuona, unaanza kushuku ni mukono wa nani. Mara mingi linaanguka mahali penye hapana neno la maana, maisha yanaendelea. Lakini kuko jeni moja inaitwa KRAS. Kazi yake ni swichi: inaambia seli igawanyike, kisha inajizima. Herufi moja ikibadilika mu neno lake la 12, swichi inabakia imewaka, usiku na mchana.

Mwaka 2014 NTP, programu ya Marekani yenye kupima sumu, ilitoa ripoti ya panya na panya buku benye balipumua unga wa kobalti kwa miaka 2. Uvimbe wa mapafu uliongezeka mu aina zote mbili. Mwaka wenye ulifuata, batafiti bakafungua jeni za ule uvimbe. Mu panya wadogo, mara mingi Kras ilikuwa imeharibika, na kosa lenye liliongoza lilikuwa lile lile: G imekuwa T.

Rudi sasa ku Kasulo na hiyo mu kichwa. Mukojo wa batoto unaonyesha G zenye kuumwa. Mapafu ya panya yanaonyesha kwenye G yenye kuumwa inaweza kupeleka. Ni herufi ile ile, mwanzoni mwa njia mu mutoto wa Kolwezi, mwishoni mwa njia mu panya wa labo. Katikati, mu mwili wa mutu, ni giza. Swichi moja kuwaka haitoshe kufanya kansere: seli iko na breki zake, jeni kama TP53 zenye kuisimamisha ao kuiua kabisa, na makosa mengine yanapaswa kujiongeza juu ya la kwanza kwa miaka 10, 20, 30. Mutu mwenye anaandika "balishahakikisha" anavuka ile giza bila taa. Na ule wa kampuni mwenye anasema "hakuna kintu" anafanya kama ile herufi haiko.

Kobalti iko na jambo lingine mu habari hii, na ningetaka bana biomédicale balijue, juu liko karibu na sisi kupita tunavyofikiri. Mu labo za kansere za dunia yote, ku etajeri kuko chupa ndogo ya unga wa kobalti kloridi. Haiko pale kwa kuleta kansere. Iko pale kwa kudanganya seli. Seli iko na bikingi vya kupima oksijeni, ni protini zenye zinatumia chuma. Oksijeni ikiwa mingi, zile protini zinatia alama ku protini ingine, HIF-1, ili iharibiwe palepale. Kobalti inavuruga ile kazi. HIF-1 inabakia nzima, na seli inaamini kwamba hewa imekwisha hata kama hewa iko.

Basi seli yenye kuamini hivi inafanya nini? Inaita mishipa mipya ya damu. Inakula sukari sana. Inaanza kujilegeza kutoka kwa jirani zake, mwanzo wa kuhama, na kuhama njo kule kusambaa kwenye kunaua bagonjwa bengi kupita uvimbe wa kwanza. Tena inaongeza pompu zenye kutoa dawa inje ya seli. Uvimbe wa kweli unafanya hivyo peke yake, juu katikati yake oksijeni haifike muzuri. Kobalti inatumiwa kuiga ile hali mu sahani ya labo. Semenza, Ratcliffe na Kaelin balipewa Nobel 2019 juu ya kuonyesha namna seli inasikia oksijeni. Na tangu 1953 Gray na benzake ku Uingereza balishaonyesha kwamba seli zenye kukosa oksijeni zinavumilia mionzi ya matibabu kupita zingine. Mionzi ile, kumbuka, kuanzia 1951 ku Kanada na kwa miaka mingi kisha pale, ilikuwa inatoka mara mingi mu kobalti 60. Madini moja, mu mashine yenye kutibu na mu chupa yenye kufundisha juu ya nini matibabu yanashindwa. Wakati ule Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa kati ya bazalishaji bakubwa ba kobalti mu dunia.

Lakini hapa pia, polepole. Nimeona mu groupe mutu anachukua makala za chupa ile na kuandika kwamba bagonjwa ba Kolwezi habasikii dawa juu ya kobalti. Fanya hesabu. Mu sahani ya labo banaweka mara mingi mikromoli 100 kwa litre, maana yake karibu miligramu 6 za kobalti. Mu damu ya batu, hata ba Kasulo, tunahesabu kwa mikrogramu. Miligramu moja ni mikrogramu 1000. Pengine kuishi miaka mingi na kidogo kidogo kunafanya kintu; ni wazo la kupima, na mutu mwenye anatafuta sujet ya mémoire anaweza kulichukua. Haliko jibu.

Mwaka 2022 kikundi cha IARC, ile ofisi ya kansere ya OMS ku Lyon, kilikaa juu ya kobalti. Kobalti ya chuma na chumvi zake zenye kuyeyuka zikawekwa mu kundi 2A: kuna uwezekano mukubwa zinaleta kansere kwa batu. Tazama namna balifikia pale. Kolomu ya wanyama: ushahidi unatosha. Kolomu ya namna inavyofanya ndani ya seli: ushahidi ni wa nguvu. Kolomu ya batu: haitoshe. Ile "haitoshe" haina maana kwamba hatari haiko. Kuhesabu njo kulikosa. Kolomu ile imejazwa zaidi na bafanyakazi ba usine za Ulaya. Batu benye kobalti mingi mu mukojo kupita bote benye balishaandikwa mu dunia, yaani sisi, hatuko mule.

Juu ya nini hatuko? Tusiseme haraka kwamba hatuna akili ao hatuna mashine. Mwaka 2020, karibu kikundi kile kile kilitoa mu Lancet Planetary Health utafiti wa hapa Lubumbashi juu ya batoto benye kuzaliwa na bilema: batoto 138 benye kilema, 108 benye hapana, na hatari ilipanda sana wakati baba anafanya kazi ya mine. Ni kazi ya kiwango cha dunia, mu maternité zetu. Iliwezekana juu kilema kinaonekana siku ya kuzaliwa, na maternité inaandika kila mutoto. Kansere haionekane siku moja. Inakuja kisha miaka 20, mugonjwa amehama, amebadilisha kazi, amekufa ku mugini bila biopsi. Kwa kansere unahitaji rejista, na unahitaji anapath mwenye kukata kipande, kukitazama na kukichunga. Hesabu za kansere za Kongo zenye tunakopi ku Lyon ni makadirio, zinatengenezwa juu ya rejista za inchi jirani.

Kampala iko na rejista tangu 1951. Kutoka mu makaratasi ya anapath ya Mulago njo ilionekana kwamba uvimbe wa taya wenye Denis Burkitt aliandika 1958 ulikuwa unaongoza kansere za batoto kule. Akaanza kutuma bipande ku London kwa Anthony Epstein. Mwezi wa 12 1963, ndege yenye kuleta kipande kimoja ilishindwa kushuka London juu ya ukungu, bakaipeleka Manchester. Kipande kikafika kimechelewa, maji yake yamekuwa machafu kama kintu cha kuoza. Mbele ya kukitupa, Epstein alitia tone chini ya hadubini: seli nzima nzima, zinaelea. Kutoka mule bakakuza seli, na mwaka 1964 yeye, Achong na Barr bakatangaza virusi yenye leo iko na majina ya Epstein na Barr. Mwaka 1982 ingine ikafuata: mu ule uvimbe, kipande cha kromosomu 8 kimehamia ku 14, na jeni MYC, swichi ingine, inabakia imewaka. Mbele ya mambo yote haya ya molekili, kulikuwa mutu mwenye aliandika mu kitabu, na mutu mwenye hakutupa kipande.

Kwa hiyo lawama yangu ya mwisho ku makala ya Kasulo ni ndogo: maneno yake ya kumaliza yanaongea na banunuzi ba betri, kwamba njia ya kobalti ya sasa haidumu. Sawa. Lakini mama mwenye alitoa mukojo wa mutoto wake hauzi betri. Lawama kubwa iko kwetu, sisi benye tunaandika ba mémoire kisha yake. Kupima tena mukojo wa batu 50 mu kartie ingine kutatuambia tena kwamba kobalti iko. Tulishajua tangu 2009.

Kipande cha biopsi mu parafini kinakaa miaka mingi mu armoire, bila friji, bila courant ya SNEL, na jeni ya KRAS inaweza kusomwa mule hata kisha miaka 20. Kuchunga zile bloku kunaomba armoire yenye kufungwa, namba yenye kuandikwa muzuri, na mutu mwenye haruhusu zitupwe wakati wa kusafisha. Inaomba pia fishi. Mu lopitali moja yenye nilifanyia stage, fishi ya labo iko na nafasi ya "profession". Nilihesabu siku moja mu rundo la zile za mwaka mumoja: zenye hazikuwa wazi zilikuwa na neno "débrouillard", ao "ménagère". Débrouillard wa kufanya nini? Kuosha mawe ku mutoni? Kubeba magunia ku dépôt? Kuuza makala ya kupikia? Neno lile limefunika mu Katanga nzima kintu chenye tunatafuta.

Mwenye anataka sujet, basi: fishi yenye kuuliza kazi zote za mugonjwa na miaka ya kila moja, kartie kwenye alikulia, na kama alivuta sigara, ngapi kwa siku. Hiyo ya sigara msiisahau, juu moshi ya tumbako nayo inageuza G kuwa T, mu KRAS ile ile, neno lile lile la 12. Bila lile swali, hata tukikuta ule mwandiko mu pafu la mutu wa Kolwezi, hatutajua ni wa vumbi ao ni wa sigara.